Kambare Mwenye Alama ya Ukoo

Jumatatu, 10 Aprili 1978
Waithaka mwenye duka ametangaza mashindano ya kuvua kwa ndoana Jumamosi, kwenye mabwawa yetu matatu hapa Kalamba. Kwao milimani watu huvua kwa kujifurahisha, eti. Zawadi ni taa ya karabai. Sina haja na karabai. Mwamuzi ni Mzee Kivuva, baba yake Ndinda, na hilo ndilo limeninyima hamu ya chakula. Wiki ya tatu sasa hajakubali mbuzi wangu watatu wa ntheo, wa kumposa binti yake. Leo amesema dukani kwamba kijana asiyeweza kumtoa samaki majini hatamtoa Ndinda kwake. Mulei, karani wa ushirika, alicheka sana. Yeye pia ana mbuzi tayari. Tena ana fimbo ya kuvulia kutoka Mombasa.
Mimi sijawahi kumshika samaki. Kwetu samaki ni ndugu wa nyoka, hapikwi kwenye sufuria ya Mama.

Jumatano, 12 Aprili
Mwenye akili hakosi njia. Nzuki, anayevua mto Athi, ameniletea kambare mzima kwenye debe. Sharubu zake zinazishinda za mjomba wangu. Nimemtia kwenye kiondo cha Mama, nikakishona mdomo kwa kamba ya mkonge, nikakizamisha bwawa la juu, chini ya jiwe. Jumamosi nitakivuta kimyakimya, nimtundike kwenye ndoana, kisha niite watu. Kazi kwisha.
Halafu nikaogopa. Akichomoka je? Kambare wote wanafanana. Kwetu mnyama hatoki bomani bila alama. Nikarudi, nikamkata mkiani alama ya ukoo wetu, mikato miwili na tundu moja, kama mbuzi wetu wote. Sasa nitalala.
Mama anatafuta kiondo chake cha kanisani. Nimemwambia wezi wamezidi siku hizi.

Ijumaa, 14 Aprili
Mvua kutwa. Watu wanamshukuru Mungu. Mimi nimeshindwa. Bwawa la juu limefurika na kumwagikia la kati, la kati likamwagikia la chini. Nimepapasa chini ya jiwe, maji shingoni. Hakuna kiondo.

Jumamosi, 15 Aprili
Tulipiga kura kugawana mabwawa. Mulei akapata bwawa la chini, mimi la kati. Asubuhi nzima nikavua matope. Saa tano ndoana ikanasa kitu kizito. Watu wakaja mbio, Ndinda mbele. Nikavuta. Kiondo cha Mama, kitupu, kimetoboka. Mama mwenyewe alikuwa pale. Alikitambua kabla hakijafika ukingoni, akanipa mgongo. Heri angenichapa.
Mara kelele bwawa la chini. Mulei katoa kambare. Wangu! Mzee Kivuva akavaa miwani, akamgeuza, akatazama mkia kwa muda mrefu. Akauliza alama hii ni ya ukoo gani. Watu wote wakanigeukia. Nikawaona mbuzi wangu watatu wakizeekea kwetu.
Mzee akamwambia Mulei kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akijisifia mnyama wa mwenzake mwenye alama, na ashukuru si ng'ombe. Kisha akanijia mimi. Akasema wengine wanahangaika kuvua, kumbe kijana huyu anafuga. Hata kiondo alikielewa. Ni cha kupelekea samaki chakula, akawaeleza watu. Niliitikia kwa kichwa tu.
Karabai imekwenda kwa Mutindi, mwalimu wa nasari, aliyevua perege mmoja mdogo kwa haki. Mimi nimepewa mkono, na ruhusa ya kupeleka mbuzi Jumatatu. Nimejificha nyuma ya jiko nikalia kidogo kwa furaha. Nimeponea chupuchupu. Ee Mungu, sitadanganya tena hadi kaburini.

Jumapili, 16 Aprili
Baada ya ibada Mzee ameniita kando, kwa upole kabisa. Mbuzi ni sawa, amesema, lakini mfugaji hutoa mahari katika kile anachofuga. Angependa kuja kuliona kundi langu la majini. Akauliza nina vichwa vingapi.
Nimemwambia arobaini. Wote wana alama.
Anakuja Ijumaa. Nzuki anasema ataweza kuleta madebe sita ya kambare. Mama ameficha viondo vyote. Nimenoa kisu.