Mguu wa K

Namfahamu Mteremko kuliko mkewe anavyomfahamu, na mkewe anamfahamu vibaya sana. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya kazi yake ya pembeni, yaani kuteleza. Aliteleza madukani, akateleza kwenye ngazi za ofisi za watu, mara moja hata kwenye zulia, na kila alipoanguka alipatikana muungwana wa kumnyanyua na kumpoza kwa chochote. Kazi yake ya wazi ilikuwa kufungasha sabuni kiwandani, lakini hiyo aliifanya shingo upande.

Asubuhi hiyo alikuwa hospitali bila hila yoyote, hali iliyomchosha mno. Mkewe alikuwa amemwagiza amsindikize kaka yake, mchanganyaji sabuni katika kiwanda hicho hicho. Juzi mashine ilikuwa imemkamata mguu wa kulia. Kifuniko cha mashine kiliondolewa na meneja ili kazi iende haraka, na meneja huyo huyo ndiye aliyeandika kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi.

Picha ya mfupa ilipotoka, karani aliitia ndani ya bahasha, akaandika namba, kisha kwa kalamu nene: "Mguu wa K."

"Samahani, dada," Mteremko akauliza, "K ni kulia au kushoto?"

"Inategemea mguu," karani akajibu bila kuinua kichwa. "Kwani mwenyewe hajui?"

Mtu mwingine angeingiwa na hofu. Mteremko aliona mlango umeachwa wazi. Picha ina namba tu, haina jina, na herufi yake inakubali miguu yote ya dunia.

"Nishikie hiyo, shemeji," mgonjwa akamwambia, akijifuta jasho pale kwenye benchi. "Wewe ndiye unajua kuongea na wakubwa."

"Ondoa shaka. Kwa foleni hii daktari hakufikii kabla ya adhuhuri. Ngoja nikutafutie chai."

Robo saa baadaye alikuwa akichechemea ndani ya ofisi ya meneja, akiburuta mguu wa kushoto.

"Na wewe tena!" meneja akashika kichwa. Mkaguzi wa usalama kazini alikuwa anatarajiwa mchana huo.

"Jana, bosi, kwenye maji ya sabuni. Nikajikaza, lakini mfupa umekataa."

Meneja akaielekeza picha dirishani, juu chini, akaguna kama mtu anayeelewa. "Mkaguzi asisikie. Unataka nini?"

"Barua ndogo tu. Andika: mwenye picha hii ameumia kwa kosa la kiwanda, matibabu na fidia ni juu yangu."

"Jina lako kamili nani vile?"

"Jina la nini, bosi? Picha ndiyo mimi."

Jibu hilo Mteremko mwenyewe alilipenda sana. Meneja akasaini, akagonga muhuri, lakini Mteremko aliponyoosha mkono, barua ikaingia ndani ya bahasha ya picha.

"Fidia baada ya plasta," meneja akasema. "Nataka mkaguzi akute nimempeleka mtu hospitali kwa gari langu mwenyewe."

Wafanyakazi wakambeba msobemsobe. Tapeli wetu, ambaye angeweza kukimbia vizuri tu, aliona aibu kupona mbele ya watu.

Hospitali wakapitia mlango wa dharura. Daktari aliitazama picha akatikisa kichwa. "Mfupa umepishana. Ukiachwa hivi wiki moja utaunga upande, na huyu hatatembea sawa tena. Mchomeni sindano ya usingizi, tuuvute. Mguu upi?"

"Kushoto," meneja akasema.

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Koridoni, kupitia mlango ulio wazi, akasikia daktari mwingine akisema, "Bila picha naona uvimbe tu. Chukua vidonge hivi, rudi wiki ijayo."

"Nina imani na shemeji yangu, atakuja nayo," sauti aliyoijua ikajibu. "Amekwenda kunitafutia chai."

Kisha akamwona akitoka, akirukaruka kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta, kuelekea getini. Mteremko aliona aibu, ile ya kweli, ambayo hakuwahi kuifanyia mazoezi.

"Simamisheni! Mimi mzima! Picha ni ya shemeji, mguu wake wa kulia!"

"Kila anayefika hapa hupona ghafla," muuguzi akasema, akitayarisha sindano.

"Mimi ni tapeli!"

"Sawa, baba. Na mimi ni malkia. Hesabu mpaka kumi."

Hakuna aliyemwamini. Miaka yote amedanganya akaaminiwa, na leo ukweli wake umekosa mnunuzi. Alifika tatu.

Alipozinduka alikuwa na plasta miguu yote miwili, kuanzia vidoleni hadi mapajani.

"Bosi wako alisema kushoto," muuguzi akaeleza kwa upole. "Wewe ukasema kulia. Bahasha inasema K. Tukaona tusikosee, tukavuta yote."

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, na bahasha mapajani. Alikuwa koridoni wakati wa zile kelele, na ndiye mtu pekee hospitali nzima aliyeamini kwamba mumewe ni tapeli. Alimwahi kaka yake getini, akamrudisha, akaidai bahasha kwa muuguzi, akampeleka kwa daktari na picha yake.

"Mfupa umenyooshwa," akasema. "Na meneja amelipa, mkaguzi akimtazama. Barua inasema mwenye picha hii. Mwenyewe nilikuwa naye."

"Na mimi?"

"Wewe una picha gani?"

Shemeji akaingia kwa magongo, mguu mmoja mweupe, uso umetulia. Hakugomba. Aliitazama ile miguu miwili, akauliza, "Pole, shemeji. Chai ulipata?"

Swali hilo liliniuma kuliko kile kifundo walichokitegua kwa kuvuta. Ndiyo, Mteremko ni mimi; nani angemjua kiasi hiki kama si mwenyewe? Mashine imerudishiwa kifuniko, shemeji atatembea sawa, na mimi nimelala chali nikiandika haya. Kila asubuhi daktari hupita kuuliza ni mguu upi unaouma. Namwambia ukweli, naye anaandika K.