Kidoti Chini ya Jicho

Jumatatu, 3 Machi
Wamesimamisha bango jipya mbele ya studio. Msichana wa sabuni! Ngozi haina hata tundu la jasho. Kutwa nzima kanikodolea macho huku mimi nikipiga watu picha za vitambulisho. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja. Paji pana. Mashavu ya mtu aliyenuna. Na kile kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto, kinachonitangulia kila ninapokwenda.

Kampuni ya sabuni inatafuta sura mpya. Picha zipelekwe kabla ya Alhamisi. Msusi wa mlango wa pili kasema yeye hatumi, mwacha asili ni mtumwa. Asemaye ana nywele za dukani hadi kiunoni!

Jumanne, 4 Machi
Usingizi haukuja. Lakini mpango umekuja. Msichana wa bango ana uso, mimi nina kompyuta.

Nimejipiga picha, nikafuta kidoti. Nikapunguza pua. Nikachonga taya. Ngozi nikaipiga pasi. Shingo ikabaki na rangi yake ya zamani, ikabidi nayo niing'arishe. Kazi ya saa tatu nzima! Mwishowe nikampenda yule dada wa kwenye skrini, nikamwonea na wivu. Marekebisho yote nimeyahifadhi kwenye kitufe kimoja, yasije yakapotea. Picha nimetuma.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kumbe kitufe nilikiacha kimewashwa. Jana nilipiga picha za leseni za madereva tisa wa malori, wala sikuzikagua, macho yalikuwa kwenye simu. Leo karani wa leseni kawarudisha wote. Kawauliza kwa nini wameleta picha za dada zao.

Tajiri wangu kafoka mpaka miwani ikamdondoka. Nimerudia nane. Dereva mmoja tu, mwenye kovu shavuni, kagoma kurudishiwa sura yake. Kaomba nakala kumi na mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Wamepiga simu! Nifike kesho asubuhi. Msusi kanuna siku nzima. Kumbe alituma, na hakuitwa. Nyani haoni kundule.

Nimejaribu poda tabaka tatu juu ya kidoti. Nikitabasamu tu, kinachomoza. Basi kesho sitatabasamu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena.

Jumamosi, 8 Machi
Dada wa mapokezi aliishika picha yangu, akanitazama, akaitazama tena. Akaniambia wasindikizaji wasubiri nje, aingie mhusika mwenyewe. Nikakaa nje.

Baadaye wakaita jina langu. Mara ya kwanza nikainama kufunga kamba za viatu. Mara ya pili nikafunga kiatu cha pili. Mara ya tatu sikuwa na kiatu kingine. Niliona aibu kuitika. Nikaondoka na watu wakiulizana huyo mrembo kapotelea wapi. Nimelia njia nzima, poda ikaishia kwenye kola.

Jumapili, 9 Machi
Mama kaiona picha mezani. Kauliza huyu binti wa watu ni nani. Nikasema ni mimi. Akacheka.

Halafu akagusa chini ya jicho lake la kushoto, pale kilipo kidoti chake, ndugu pacha wa changu. Akauliza changu nimekipeleka wapi. Akasema siku niliyozaliwa tulikuwa watoto wengi wodini, wote tunalia. Alichotafuta kwanza ni hicho kidoti. Alipokiona ndipo akajua mtoto ni wake.

Ile aibu ya jana ilikuwa ndogo. Mama akaniambia yaishe, kesho anakuja studio, anataka picha ya kitambulisho kipya.

Jumatatu, 10 Machi
Mama kaja mapema, kajifunga kitambaa chake kizuri. Nimempiga picha. Nimemtazama kwenye skrini muda mrefu, yeye na kidoti chake, maneno ya jana yakinichoma. Kasema kweli mama yangu. Mtu akituona anapaswa kujua papo hapo kwamba huyu kazaliwa na huyu. Nilikosea sana kujibadilisha peke yangu.

Nimebonyeza kile kitufe. Sasa tunafanana.