Aliyenyamaza Amekubali

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa! Baba amepewa kazi mkoa wa mbali, kule milimani, kwenye kiwanda cha maziwa. Alitangaza wakati wa chai, kijiko kikiwa bado hewani.

Baba ni fundi wa mafriji. Mdogo wangu wa miaka minane, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, aliuliza watu wa nchi ya baridi wanataka friji za nini. Baba akasema maziwa hayana habari na baridi ya nje, yanataka vyumba vyao. Yeye ndiye atakuwa mkuu wa vyumba hivyo. Neno "mkuu" alilitamka kama mtu anayejaribu koti la mwenzake.

Halafu akatukumbusha sheria ya nyumba. Jambo kubwa huamuliwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, wote mezani. Anaanza mdogo, anamalizia mkubwa, ili wadogo wasifuate upepo wa wakubwa. "Hapana" moja tu inatosha, jambo linakufa hapo hapo. Na aliyenyamaza amekubali.

Kwa hiyo ninachotakiwa kufanya ni kusema neno moja. Mbele ya watu wanne, watatu kati yao wamenijua tangu sijaota jino.

Haiwezekani. Lazima nimtafute mtu mwingine wa kulisema.

Jumanne, 5 Agosti

Nieleze kwa nini sitaki, maana karatasi hainikodolei macho.

Nina miaka kumi na sita, na yote imeniishia katika kujenga mtaa usionihitaji niseme. Mwenye duka akiniona tu, anaweka mkate kaunta. Kinyozi ananikalisha na kuanza kazi. Shuleni walimu wamechoka kuniita nisome kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani wamechoka, na kwa lugha ya darasani wamechoka zaidi. Jirani yangu wa dawati hunisogezea rula kabla sijaitafuta, nami humsogezea kifutio. Hatujawahi kuzungumza jambo lolote la maana. Ndiye rafiki yangu mkubwa.

Huko milimani nitasimamishwa mbele ya darasa niambiwe nijitambulishe. Mwenye duka ataniuliza nataka nini. Kila mtu ataniuliza nataka nini!

Mpango wa kwanza: Redio. Ndiye anayeanza kusema, akikataa yeye tumemaliza. Nilimvuta nyuma ya nyumba nikamtisha. Nikamwambia kule kuna baridi mpaka ukifungua mdomo unatoka moshi.

Macho yakamtoka. Moshi? Mdomoni mwake mwenyewe? Kila siku? Bure?

Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba Redio anakwenda kutoa moshi. Wenzake wanamwonea wivu. Mmoja analia kwao, anataka na wao wahame.

Jumatano, 6 Agosti

Binamu alikuja. Ni mtoto wa mama mdogo, tumelingana umri, hatujalingana kitu kingine. Tukihama, wao ndio wataingia humu. Hakubisha hodi. Alipima chumba changu kwa nyayo, kisigino kwa kidole, akasema kitanda chake kitakaa dirishani na kwamba ukuta unahitaji rangi ya mtu mchangamfu. Akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo mengi! Yalikuja yote kwa pamoja yakakwama mlangoni kama wanafunzi kengele ikilia.

Akasema, "Basi sawa, kaka, nashukuru kwa ruhusa."

Ruhusa!

Mpango wa pili: Mama. Mama ni fundi cherehani, na wateja wake wanamwabudu. Wakisikia anaondoka, nilifikiri, watakuja kumlilia, watamshika miguu, naye moyo utalainika. Nikamwambia Redio, kwa siri kubwa, asimwambie mtu, kwamba huenda Mama akaondoka mapema.

Sasa ningoje machozi ya wateja.

Alhamisi, 7 Agosti

Wateja walikuja. Machozi hayakuja.

Nilisahau jambo moja kuhusu mama yangu. Mama hupokea kitambaa kwa mikono miwili, husema "njoo kesho", na kesho ya mama yangu ni safari ndefu. Chini ya meza yake kuna vitambaa ambavyo wenyewe walishanenepa, wakakonda, wakanenepa tena. Wote wamekuja kuvidai. Foleni mpaka barabarani. Mmoja alidai gauni la harusi ya dada yake, na dada alikuwa naye pale pale, mtoto mgongoni.

Mama alishona tangu asubuhi, mimi nikipiga pasi na kukata nyuzi. Kila akimaliza nguo moja wanaingia wawili. Jioni alikaa chini katikati ya vipande, akavua subana kidoleni, akasema milimani hakuna anayemdai hata kifungo. Kule ataanza na meza tupu. Alisema "meza tupu" kwa sauti ya mtu anayekumbuka utoto wake.

Nikaendelea kukata nyuzi. Sikujua kama mama yangu amechoka kiasi hicho. Nilikuwa nikipita pale kila siku nikidhani lile rundo ni sehemu ya nyumba.

Ijumaa, 8 Agosti

Amebaki Bibi. Mama yake Baba, na neno lake huwa kama msumari.

Bahati ikaniangukia yenyewe! Mwenye kiwanda ni mama mmoja mgeni, anajua lugha ya darasani tu. Alipiga simu ya video ili amwonyeshe Bibi nyumba tutakayopewa. Bibi hajui lugha hiyo. Baba anaijua ya vyuma tu. Nikaitwa nitafsiri.

Hapa kuna jambo la ajabu kunihusu. Maneno ya watu wengine hayanisumbui. Yanapita mdomoni mwangu kama maji kwenye bomba. Yangu ndiyo yenye kutu.

Mama mgeni akasema nyumba ni tulivu na majirani ni watu wa heshima. Nikatafsiri: majirani hawasemi na mtu. Bibi akasogea karibu na simu. Akauliza, hawasemi kabisa? Nikasema kabisa, Bibi, hata salamu. Bibi akafumba macho kwa raha. Akasema hapa ukipiga chafya jirani wa kulia anakuuliza umekula nini, na wa kushoto anamjibu.

Mama mgeni akasema kuna njia nzuri ya kutembea mpaka kanisani na sokoni. Nikatafsiri: kila kitu kiko juu ya kilima, ni kupanda tu. Bibi akasema vizuri sana, basi wale wanaokuja kuomba chumvi watafikiri mara mbili.

Mama mgeni akasema sebuleni kuna jiko la kuni la kupasha nyumba joto. Nikatafsiri: nyumba ina baridi kali, lazima moto uwake ndani kutwa. Bibi akasema magoti yake yanaoza kwa unyevu wa hapa, moto wa kutwa ndiyo dawa aliyoililia miaka yote. Mwambie nakuja.

Nikamwambia mama mgeni kwamba Bibi anaomba muda wa kufikiri. Lakini Bibi alikuwa anatabasamu kwenye skrini kwa meno yote aliyobakiwa nayo, anaitikia kwa kichwa kama bibi harusi. Mama mgeni akapiga makofi.

Simu ilipokatika Bibi aliniangalia. Akasema, "Mume wangu, ya watu unayasema vizuri. Siku ukiyasema yako, unishtue nisije nikawa nimelala."

Sijui alimaanisha nini. Nadhani alikuwa anasifia tafsiri.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikwenda karakana kwa Baba. Mpango wa nne: nimwonyeshe asivyoweza kuiacha. Nilipanga kufagia mpaka ing'ae, nizipange spana zake kwa ukubwa, aione kwa macho mapya.

Nilimkuta tayari anafagia. Spana alishazipanga.

Tulifungua friji moja ya mwenye bucha. Baba anapenda kusikiliza kabla ya kugusa. Huweka kiganja mgongoni mwa friji kama daktari, anainamisha kichwa, halafu anajua. Mimi nashika tochi. Tumefanya hivyo tangu mkono wangu ulipoweza kushika tochi, bila neno. Akinyoosha kidole namulika. Akifunga ngumi nazima.

Alipomaliza hakuinuka. Aliacha kiganja pale pale, friji ikinguruma vizuri, imepona. Akasema kule kiwandani mashine zinasikilizwa na kompyuta. Mkuu hukaa mezani na kuwaambia wenzake la kufanya. Kuna vikao kila asubuhi. Mkuu ndiye anayefungua kikao.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, mimi naonaje.

Hapo! Mlango wazi! Hakuna watu wanne, ni yeye peke yake, na mgongo kanipa!

Nikasema, "Sawa tu, Baba."

Akasema, "Aa. Sawa."

Akafunga ngumi. Nikazima tochi.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekula. Meza imefutwa. Baba akafungua.

Redio alisema ndiyo mara tano, akaonyesha atakavyotoa moshi.

Zamu yangu. Neno lilikuwepo, naapa. Nililihisi limefika kwenye meno ya mbele. Nikafikiri: nikikataa mimi, Mama atarudi chini ya lile rundo. Bibi na magoti yake. Halafu nikafikiri: hapana, usijidanganye, hayo umeyatafuta sasa hivi uyafanye shuka la kujifunika. Unaogopa tu.

Nikamtazama Baba anihimize kidogo. Alikuwa anakoroga chai. Alikoroga, akakoroga. Bibi akakohoa. Mama akanyanyua nyusi. Hata Redio alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote. Baba alingoja kuliko alivyowahi kumngoja mtu yeyote katika meza ile.

Mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba aliyenyamaza amekubali.

Mama: ndiyo. Baba akapitisha zamu yake kwa kuinamisha kichwa. Bibi: ndiyo, na tuondoke kabla jirani hajaomba chumvi. Basi. Tunahama.

Baba akanywa chai yake yote. Hakuwa ametia sukari.

Baadaye nilikuwa naosha vyombo, Mama anakausha. Akaniambia polepole kwamba Baba hataki kwenda. Hakutaka tangu mwanzo. Lakini mtu mzima anakataaje cheo? Angejibu nini watu wakimuuliza? Alikuwa anaombea mmoja wetu aseme hapana, ajifiche nyuma yake. Alikutegemea wewe, Mama akasema. Alisema kijana wangu hawezi kuacha mtaa wake.

Nikaangusha kikombe.

Kumbe kule kukoroga kote! Kumbe karakana! Kumbe wiki nzima tulikuwa wawili, kila mmoja anamtafuta wa kusema badala yake, mimi nikiwa na tochi na yeye na spana, katika chumba kimoja.

Nilimuuliza Mama kwa nini na yeye hakukataa, kama alijua. Akasema alitaka meza tupu. Akasema pia kwamba amechoka kuwa mdomo wa wanaume wawili.

Hilo lilinikaa. Nimelifikiria mpaka maji ya vyombo yamepoa. Nimeamua: kuanzia leo, nikitaka kitu nasema. Papo hapo. Kwa mdomo wangu. Nimeapa.

Jumatano, 10 Septemba

Milimani. Moshi unatoka mdomoni kweli. Redio ameshafungua darasa la kuwafundisha watoto wa hapa, ambao walikuwa wanautoa tangu kuzaliwa bila kujua kwamba ni kipaji. Bibi ana kiti chake kando ya moto. Jirani si bubu hata kidogo, alikuja siku ya kwanza kuomba chumvi, na Bibi bado ananiangalia kwa jicho moja. Mama amepokea kitambaa chake cha kwanza. Nilimsikia akisema njoo kesho.

Darasani nilisimamishwa. Nilisema jina langu kwa viatu vyangu. Vilionekana kuelewa.

Leo nilitumwa mkate. Duka limejaa watu. Mwenye duka akaniuliza nataka nini, na foleni nzima ikageuka kusikiliza. Nikafungua mdomo. Ukatoka moshi, basi. Akauliza, sabuni? Nikanyamaza. Mishumaa? Nikanyamaza. Akanitazama tena, akatazama viatu vyangu vyenye tope, akauliza, au ni reki, kijana, ya bustani?

Aliyenyamaza amekubali.

Nimerudi nyumbani na reki. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikamkuta Baba amekaa juu ya ndoo mpya, kifuniko chake mkononi. Ana tai shingoni, bado ya kikao. Asubuhi na yeye alipitia dukani. Kwa mkate.

Tulitazamana. Nikaegemeza reki ukutani. Akasogea kidogo, nikakaa nusu ya ndoo. Ilikuwa nafasi ya kuzungumza kama ipo duniani. Nilihisi naye anaihisi.

Akanyoosha kidole kuelekea uani, ambako Redio alikuwa anahutubia watoto.

Nikaelewa. Nimekwenda kumwita mdogo wangu kando, nikamwinamia sikioni. Nimemwambia ni siri kubwa mno, asimwambie mtu yeyote, hasa yule mwenye duka: kwetu hakuna mkate.