Mkate wa Kulwa Umeumuka

Jumatatu, 26 Machi 1934
Mvua. Vikaki vya Ushirika Mtakatifu kutoka Unguja vimefika vimelowa, vimekuwa uji. Mchungaji ametangaza kwamba Alhamisi Kuu tutatumia mkate wa hapa hapa Bagamoyo. Atakayeleta mkate utakaochaguliwa ndiye atakayeandaa meza ya Bwana, kazi iliyoachwa na marehemu Mzee Elia. Nimeingoja kazi hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kulwa naye anaitaka. Kulwa, ambaye huimba akiwa ameshika kitabu kichwa chini.

Mimi na Kulwa tumebishana nje ya kanisa. Kasema Bwana alikula Pasaka, na mkate wa Pasaka hauna chachu, basi. Nikamjibu kwamba Wakristo wa Uyunani hutumia mkate uliochachuka tangu kale, na kwamba kwetu Nyasa, nilikoondoka kijana, tulimega mkate ulioumuka. Harufu yake ilijaa kanisani kabla ya kengele. Kulwa akauliza kama huko Nyasa walinifundisha pia kunyamaza. Watu wakacheka. Mchungaji akaamua kila mmoja alete wake, wazee wa kanisa watachagua.

Jumanne, 27 Machi
Nimenunua hamira, pakiti ya mwisho dukani. Nusu ya mkate wangu, nusu ya mkate wa Kulwa. Wake ukiumuka mbele ya wazee, atasema nini? Si hila. Ni kumsaidia mtu aone ukweli.

Jumatano, 28 Machi
Nimekwenda kwa Kulwa akiwa hayupo. Mkewe, Mina, alikuwa amekwisha kukanda. Akaniamkia, akaingia ndani kunitilia kahawa. Donge lilikuwa chini ya kawa. Nikatia nusu. Nikaona haitoshi. Nikaongeza, nikakanda upesi. Mina akarudi, akauliza mbona mikono yangu myeupe. Nikasema uzee.

Nyumbani nikakuta pakiti imebaki vumbi. Nikalikung'utia kwenye unga wangu, nikauombea.

Madonge yote mawili yamepelekwa kwa jirani yetu Mwanamvua, aliye peke yake mwenye tanuri mtaani. Kasema wazee wazima tunagombania mkate ambao hata haushibishi. Kwao Waislamu, mtu akigombania mkate basi ana njaa.

Alhamisi, 29 Machi
Mkate wa Kulwa umevimba hata ukapasuka juu. Wangu bapa kama kigae.

Kulwa aliutazama wake kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani. Kisha akawaambia wazee kwamba amesali, akaonyeshwa kuwa chachu ni uhai. Hoja yangu ile ile, na Wayunani wake. Ningefanyaje? Nikasimama na kigae changu, nikaeleza kwamba Pasaka haina chachu. Nilieleza vizuri kuliko yeye Jumatatu.

Mchungaji akatokwa na machozi. Kasema hajapata kuona ndugu wawili wakiachiana hivi, kila mmoja akikubali neno la mwenziwe. Mikate yote miwili ikamegwa. Kazi tumepewa sote, tuifanye pamoja hadi kufa.

Jumamosi, 31 Machi
Tumekunja kitambaa cha meza, yeye akivuta huku, mimi kule. Ananiita ndugu mbele za watu. Nimejichunguza kwa unyofu, sioni kosa ila la kipimo.

Haijaamuliwa kesho nani kati yetu atatangulia kwenye meza ya Pasaka. Nimemwambia Kulwa ibada inaanza saa tatu. Inaanza saa mbili. Akanishukuru sana, akasema yeye alisikia kwa Mchungaji mwenyewe kwamba imesogezwa hadi saa nne, nisihangaike kuamka mapema.

Vizuri kujua. Nitalala kidogo.