Mabomba Mawili ya Kupeleka Mahari

Jumatatu, 4 Agosti

Nyeri nzima hakuna anayejua mambo ya silensa kama mimi. Sawa, uongo. Ya pikapu yangu, lile kopo la kupunguza kelele ya injini, ilidondoka barabarani mwaka juzi na sikurudi kuiokota. Nilidhani gari imetema kitu isichohitaji.

Jumamosi tunapeleka mahari Othaya kwa kina Lynn, mchumba wa mpwa wangu Ken. Pikapu moja itaongoza msafara, ibebe wazee na kondoo dume mnono. Jirani yangu Gatimu anataka iwe yake. Ati yangu inakohoa! Yake je? Iko kimya kama friji ya kuuziwa soda.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa Simeon, fundi wa kuchomelea. Kuna bomba la moshi la kutokea nyuma. La watu waoga. Kuna la kutokea ubavuni, chini ya mlango. La makanga wa matatu. Halafu kuna mawili ya kusimama nyuma ya kabini, marefu, yanang'aa, kama ya trela. Nikasema hayo hayo. Simeon akasema moshi utawaangukia walioketi nyuma. Nikamwambia wazee wetu wamekulia jikoni kwa kuni. Alicheka, akachomelea.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewasha. Mungu wangu! Kuku wa jirani mwingine, Wakiuru, wameruka ua. Ng'ombe amepiga ndoo teke. Mke wangu Murugi akauliza, Baba Watiri, unapeleka mahari ama unaenda vita? Wivu tu.

Wazee walikuja kuamua nani aongoze. Gatimu alisimama akatoa sababu zake zote. Sikuzima injini. Hakuna aliyesikia hata neno. Wakanichagua mimi ili waende nyumbani. Ushindi!

Jumamosi, 9 Agosti

Mambo yameharibika kidogo.

Tulifika. Lango limefungwa, wanawake wa kwao wamesimama ndani wanaimba. Ndiyo desturi: wanakuuliza kwa wimbo wewe ni nani na umefuata nini, unajibu kwa wimbo, wanafungua. Mimi nimeoa, nimeozesha, najua. Lakini pikapu ikizimwa haiwaki bila kusukumwa, na nani angesukuma na suti? Nikaiacha ingurume. Niliona midomo inafunguka, mikono inapungwa. Nikadhani wanashangilia mabomba. Nikakanyaga mafuta.

Wimbo ukakatika. Shangazi ya Lynn akaja mpaka dirishani, akaniamuru nizime injini. Akasema wameuliza kwa heshima wakajibiwa masizi, kwa hivyo tugeuze magari, turudi siku tutakapopata adabu. Nikatazama nyuma. Wazee weusi kama sufuria. Kondoo aliondoka kwetu mweupe, sasa hata mamake hangemjua. Ken alikuwa analia. Mwanamume mzima, na tai!

Basi Gatimu akashuka kwenye pikapu yake nyuma yetu, akavua kofia, akaanza kuimba jibu peke yake. Sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Wazee wakaitikia huku wakikohoa. Shangazi akakaza uso, akashindwa, akacheka. Lango likafunguliwa. Kondoo akaoshwa kwa sabuni ya unga, akapokelewa.

Mimi niliambiwa nibaki nje na mabomba yangu. Nililetewa sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, langoni kama mlinzi. Ilikuwa tamu, lakini sikumaliza, kuwaonyesha.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani wote wanamsifu Gatimu. Ati ameokoa ndoa! Mwenyekiti wa wazee amesema siku ya harusi nije kwa miguu. Murugi akasema amina, kwa sauti.

Nimefikiria sana wakati wa mahubiri na kosa nimeliona. Mabomba ni mafupi! Yakiongezwa urefu, moshi utapita juu ya wanawake wote wa Othaya, waimbe mpaka wachoke. Na mawili ni machache. Simeon ako na mengine. Shida ni pikapu imekataa kuwaka.

Nimemwandikia Gatimu kwa simu: Jirani, ulipozama kwenye matope ya Endarasha na viazi vyako, nani alikuvuta? Hukunilipa hata chai. Basi kesho asubuhi nivute mpaka kwa Simeon. Kuja na kamba, yangu iko na mbuzi.