Siri ya Vyeti Sita

Jumapili, 13 Julai 2025

Nisamehe, daftari. Obuya alikuacha mezani Januari, siku aliyopanda ndege kwenda Qatar, akaniagiza niandike kila wiki habari za pikipiki yake. Leo ni Julai. Ukurasa wako wa kwanza una doa la uji na alama za meno mawili. Meno ni ya Awiti, binti yangu wa miezi minane. Uji ni wangu.

Sababu ya kuchelewa: Awiti. Sina ya pili.

Nina kaka mzuri, lazima niseme. Wengine huachiwa madeni. Mimi niliachiwa pikipiki ya mbio, nyekundu, ile ya kuendesha umeinama kama unatafuta sindano iliyoanguka. Alinifundisha mwenyewe, leseni ninayo. Lakini tangu aondoke imelala chini ya turubai hapa Mutuini, na kuku wa jirani wamelala juu yake. Nawashukuru kuku. Hakuna mwizi aliyethubutu kugusa turubai ile.

Sasa habari kubwa. Kliniki moja ya Loresho inatafuta mtu wa kupeleka sampuli za damu maabara ya Upper Hill. Kazi ya asubuhi, inaisha saa tisa. Saa tisa! Siku hizi nafulia watu nguo na mtoto mgongoni, na maji ya Julai si maji, ni visu. Sista Ummulkheir, msimamizi wa kliniki, aliniangalia, akamwangalia Awiti, akasema kazi ni yangu nikimletea cheti cha ukaguzi wa pikipiki cha mwaka huu kabla ya Ijumaa saa kumi. Nisipoleta, inaenda kwa mtu wa pili.

Mtu wa pili ni Kivuva. Jirani, mwendesha boda. Mwenye kuku.

Mungu ambariki Sista. Kivuva nitamwombea siku nyingine.

Nilifungua bahasha ya Obuya. Vyeti sita, kuanzia 2019 hadi 2024. Vyote: imepita. Pale pa kuandika kasoro, hakuna hata nukta. Mara sita mfululizo! Mimi hata shuleni sikupita hesabu mara mbili mfululizo. Hapo kuna siri. Nikampigia simu. Akasema hakuna siri yoyote, nipanguse vumbi, niipeleke, itapita. Halafu akacheka.

Namjua Obuya. Hicho ni kicheko chake cha mtu aliyeficha mahindi choma nyuma ya pipa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetoa turubai. Pikipiki imewaka mara ya pili tu! Miezi yote hiyo, na imewaka kama iliyozimwa jana. Nikaipiga busu kwenye tangi. Awiti akalia kwa wivu.

Kivuva alikuwa anapiga mswaki mlangoni kwake. Akauliza, Mama Awiti, hiyo ni pikipiki ama ni panzi? Abiria wako atakaa wapi, kwenye mkia? Nikamwambia panzi anaruka, yeye aendelee na hiyo boda yake, punda. Mke wake, Kanyiva, alicheka mpaka akamwaga chai. Akasema siku ya ukaguzi nimwachie Awiti. Mwanamke mwema. Sijui alimpataje yule.

Sasa siri. Nimekaa na simu nikaangalia picha zote za Obuya za siku za ukaguzi. Kila picha, pikipiki inang'aa. Inang'aa mpaka unamwona aliyepiga picha. Nikajigonga paji la uso. Ndiyo hiyo! Mama yetu hakukubali mtoto atoke mlangoni na magoti meupe. Kwenda kanisani, kwenda shuleni, kwenda kuchukua chumvi dukani: kwanza mafuta. Obuya amelelewa hivyo. Mimi pia. Awiti namsugua kila asubuhi mpaka anateleza mkononi kama samaki. Kitu kinachopelekwa mbele za watu lazima kipakwe.

Nikachukua mkebe mkubwa wa mafuta ya mgando ya Awiti. Tangi, nikapaka. Rimu, nikapaka. Kando ya magurudumu kuna visahani vya chuma vyenye matundu, vimekauka, vimechunika, vinatia huruma kama magoti ya mbuzi. Hivyo nilivipaka mara mbili, pande zote, nikaingiza kidole mpaka ndani. Awiti alinisaidia kwa kutafuna kitambaa.

Mkebe umeisha. Pikipiki inanukia kama mtoto aliyetoka kuoga. Asante Yesu kwa akili.

Jumanne, 15 Julai

Haikupita.

Niliona mapema kwamba breki ni laini. Nikajua ni mafuta yanafanya kazi. Nimetoka Mutuini hadi kituo cha ukaguzi kwa gia ya kwanza, miguu chini kama bata. Soli ya kiatu cha kushoto imebaki barabarani. Nashukuru asubuhi hiyo hapakuwa na kilima cha kushuka cha maana, ila kimoja, na hicho kiliishia kwenye lundo la mchanga. Nashukuru mwenye mchanga.

Mkaguzi ni mama mmoja, anaitwa Nzomo, koti la buluu, penseli sikioni. Nilimwogopa, halafu nikampenda. Taa, sawa. Honi, sawa. Cheni, sawa. Magurudumu, sawa. Aliangalia vyeti vya nyuma akasema ni nadra kuona pikipiki ya aina hii iliyotunzwa hivi, nyingi za mbio humfikia zimechoka kama zimepigana. Nilisimama wima. Nikaanza kupanga nitakachomwambia Sista.

Halafu akaiweka kwenye zile roli za kupima breki. Roli zikazunguka. Gurudumu likazunguka. Akabana breki. Gurudumu likaendelea kuzunguka, kwa furaha tu.

Akainama. Akagusa kisahani. Akanusa kidole. Akaniuliza taratibu, mama, kwani hii umeipaka mafuta ya mtoto?

Nikasema ndiyo, asante.

Alienda pembeni kidogo, mabega yakawa yanatetemeka. Aliporudi alikuwa na macho mekundu, akanieleza kwa upole sana, kama mwalimu wa chekechea: hapo ndipo breki hushika, chuma kile kinatakiwa kikae kikavu. Nibadilishe pedi, visahani visafishwe, nisiguse kitu kingine. Akaniandikia karatasi kabisa, kwa herufi kubwa: USIONGEZE KITU. Kisha akamwita kijana wa lori atubebe, mimi na pikipiki, hadi stage ya basi ya karibu na kwetu. Nani mwingine angefanya hivyo?

Ila nimegundua jambo. Anacheka kama Obuya. Inawezekana wanajuana.

Jumatano, 16 Julai

Awiti ana jino la tatu. Hajalala, kwa hiyo sijalala. Siandiki mengi.

Pikipiki, Awiti na mimi tulipakiwa kwenye pikapu ya jamaa anayepeleka kabeji mjini. Nilishuka Kirinyaga Road, duka la mzee Shamsudin, mtu wa Lamu, kofia safi, spea mpaka darini. Nikamweleza. Hakucheka. Huyo peke yake hakucheka. Alisema, mwanangu, umeipenda pikipiki, hilo si kosa. Lakini breki haitaki kupendwa, yataka kuachwa kavu. Akamkalisha Awiti kwenye boksi la mipira ya ndani, akampa funguo za plastiki acheze, akatoa pedi mpya, akasafisha visahani kwa dawa mpaka vikalia vikiguswa. Kazi ya saa moja. Aliposema nijaribu, nikabana, nikakaribia kuruka juu ya usukani. Inashika! Nilimwombea dua ya kwetu, akaitikia amina ya kwao.

Akaniusia niende moja kwa moja kituoni, leo leo, nisisimame popote.

Ningeenda. Lakini kumwacha mtoto kwa Kanyiva kwanza ilikuwa lazima, na hapo ndipo nilipoiona boda ya Kivuva imeegeshwa na stika mpya ya ukaguzi. Mpya! Amepita na yule punda! Nikaizunguka polepole. Vioo viwili vikubwa kama sinia. Kipande cha mpira wa kuzuia matope nyuma, kimeandikwa MUNGU MBELE. Vibandiko vya kuakisi mwanga, vyekundu, vimejaa kila mahali.

Yangu haina hata kibandiko kimoja. Basi siri ni hiyo. Si mafuta, ni mapambo.

Ile karatasi ya Nzomo inasema nisiongeze kitu. Lakini alikuwa anazungumzia mafuta.

Alhamisi, 17 Julai

Haikupita.

Breki: safi kabisa. Nzomo mwenyewe alipiga makofi. Halafu akaja mbele akaona vibandiko vyekundu vyangu kumi na vinne. Akaniambia rangi nyekundu hukaa nyuma. Mbele mtu atadhani unaondoka kumbe unamjia. Akaenda nyuma. Akauliza namba ya pikipiki iko wapi. Nikamwambia iko chini ya mpira wa matope. Akauliza mpira wa matope wa pikipiki ya mbio nimeupata wapi. Nikamwambia ni zulia la mlangoni, nimelikata.

Alikaa kwenye kiti. Akasema, Mama Awiti (sasa anajua jina), hii pikipiki haina shida. Shida inakuja nayo. Ameniwekea nafasi ya mwisho kesho, saa sita, kwa hisani yake. Nimemshika mikono yote miwili.

Nyumbani nikakuta Kivuva amepigiwa simu na kliniki ajiandae, endapo mimi nitakosa. Wameshampima koti. Koti! Lina alama ya msalaba mgongoni. Nimemfulia Awiti nepi nikitazama maji tu. Nilishapanga: saa tisa natoka kazini, saa tisa na nusu namnyonyesha mtoto wangu mchana, kwa mwanga, bila sabuni mikononi. Ni hilo tu nilitaka. Sikuomba gari.

Awiti alinishika pua. Nikamwambia aache, mama analia. Akaishika tena.

Ijumaa, 18 Julai

Kivuva amebisha hodi asubuhi na spana. Hakusalimia. Aliinama kwenye pikipiki akaanza kubandua vibandiko, kimoja kimoja, akalitoa zulia langu akalirudisha mlangoni. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema Kanyiva amemwambia akichukua kazi ya mama mwenye mtoto atajipikia mpaka Krismasi. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba hata hivyo koti lilikuwa linambana kwapa.

Nilitaka kumshukuru. Akainua spana juu, akasema nisianze, twende.

Akanifuata nyuma na boda yake njia nzima. Nikipunguza mwendo karibu na duka lolote la spea, anapiga honi. Nilipunguza mara tatu. Alipiga mara tatu.

Nzomo aliizunguka pikipiki mara mbili. Akaniuliza nimeongeza nini. Nikasema sijaongeza. Akamwangalia Kivuva. Kivuva akaapa. Taa, sawa. Honi, sawa. Namba, inaonekana. Roli zikazunguka, breki ikabana, gurudumu likasimama tuli!

IMEPITA. Cheti cha saba. Pale pa kasoro, hakuna hata nukta.

Nzomo alisema wakaguzi wenzake wanaweza kurekebisha saa zao kwa pikipiki hii. Kila Julai inakuja, inapita, inaenda. Kwamba ningeileta Jumanne na vumbi lake, ingepita Jumanne. Nikamkumbatia. Kivuva nikamkumbatia pia, akakauka kama mlingoti.

Loresho nilifika saa tisa na dakika kumi. Sista Ummulkheir alisoma cheti, akasema alhamdulillahi, akanivalisha koti mwenyewe. Halinibani. Naanza Jumatatu.

Jumamosi, 19 Julai

Awiti amelala mchana huu, mara ya kwanza wiki nzima. Niko kwenye ngazi, jua kidogo limetoka. Namshukuru Mungu, Sista, mzee Shamsudin, Nzomo, Kanyiva, mwenye mchanga, mtu wa kabeji. Na Kivuva. Nimempelekea chapati nane, amekula sita amesimama.

Nimempigia Obuya, nikamwambia tu kwamba imepita. Akasema, si nilikuambia? Na akacheka tena kile kicheko.

Nimefikiri sana. Wote wanasema imepita kwa sababu haikuongezwa kitu. Ni watu wema, sitabishana nao. Lakini mara saba! Hakuna chuma kinachopita mara saba hivihivi. Mafuta yalikuwa wazo zuri, aina tu ndiyo ilikosea. Mapambo pia yalikuwa wazo zuri, ila rangi ilikosea. Julai ijayo si mbali, na safari hii sitangoja dakika ya mwisho.

Kwa hiyo, Obuya, nitakutumia ukurasa huu kwa picha. Bado nahitaji utume hivi: nta ya kung'arisha, ile wanayopaka magari ya mashekhe huko Qatar, mikebe miwili mikubwa. Vibandiko vyeupe vya kuakisi mwanga, ishirini, kwa ajili ya mbele. Vyekundu vya nyuma ninavyo kumi na vinne. Honi ya lori, na nyaya zake, maana hii yetu inalia kama paka aliyekanyagwa. Vioo viwili, vikubwa kuliko vya Kivuva. Vyake nitavipima nikutumie vipimo. Soksi za Awiti za mwaka mmoja, jozi tatu, za sufu. Na hiyo siri. Iandike kwenye karatasi, uikunje ndogo, uitie ndani ya soksi moja, uniambie ni ipi.