Gari Linalobisha Hodi

Jumatatu, 6 Oktoba
Gari la marehemu kaka sasa ni langu. Nimemwambia shemeji kuwa mumewe aliniachia kwa mdomo, siku mbili kabla hajafa. Hakuwepo shahidi. Ndio uzuri wa mdomo. Gari la zamani, huvuta kwa magurudumu yote manne. Limemzidi mkwe wangu umri, na akili pia. Nimeliwasha. Chini kukagonga: ko-ko-ko. Kimya. Ko. Nikazima. Kaka alibisha mlango hivyohivyo miaka arobaini.

Jumanne, 7
Fundi, mtaa mzima unamwita Gasketi, kaingia uvunguni, kapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya ekzosi. Povu likachemka mahali pawili. Kasema, mzee wangu, moshi unavuja, ndio unaogonga. Tena moshi huo ukiingia ndani ya gari, utasikia hata wasiokuwepo. Nikamwuliza mbona unagonga kwa mpangilio. Kacheka, kasema labda gari linadai kitu. Sikucheka. Nikamfukuza: mimi nilitengeneza magari yeye akinyonya. Uongo, ila ana adabu, hakubisha.

Jumatano, 8
Shemeji anataka Jumamosi nimpeleke makaburini. Kwa gari hilo. Akisikia ile hodi, nimekwisha. Nimekata kopo la maziwa, nikalivika bomba, nikabana kwa waya, nikakandika udongo. Vidole viwili vimeungua. Nikawasha: kimya. Nikashika usukani, nikasema kwa sauti, aliniachia kwa mdomo.
Ko-ko-ko. Ko.
Kopo likaanguka.

Ijumaa, 10
Mkono mtupu haulambwi. Nimemrudia Gasketi na kuku wangu. Kachomelea ufa, kaweka gasketi mpya. Maji ya sabuni tena: povu hakuna. Nikausema ule uongo mara tatu, kwa majaribio. Kimya. Gasketi kauliza naongea na nani. Na gari, nikamjibu. Kaondoka upesi, kuku kwapani.

Jumamosi, 11
Shemeji kapanda, mkoba mapajani. Injini laini kama paka aliyeshiba. Mbele ya geti la makaburi nikazima. Kaniomba nirudie, alisemaje hasa mumewe. Nikasema, aliniambia, mdogo wangu, gari chukua wewe.
Nyuma ya kiti changu: ko-ko-ko. Kimya. Ko.
Injini imezimwa. Vioo vyote viko chini. Shemeji hakugeuka. Kasema taratibu, kama alivyosema miaka yote, karibu baba watoto, mlango uko wazi. Kisha akaninyooshea kiganja. Nikaweka ufunguo.
Nimerudi kwa miguu. Nyuma yangu nilimsikia akiongea. Mara akinyamaza, kama anayejibiwa. Mara akicheka.

Jumapili, 12
Magoti yanauma. Nimejitafakari kwa kina. Kosa langu ni moja tu: nilichagua kitu chenye bomba. Kesho nitamkumbusha shemeji kuwa marehemu aliniachia na baiskeli pia. Kwa mdomo. Baiskeli haina ekzosi.
Ina kengele tu.